Fahamu kwa nini Wamarekani wanabishana kuhusu 'sefti' ya bastola

Ni kijiti kidogo cha chuma kinachokaa pembeni mwa bastola. Kikiwa upande mmoja, bastola haifyatuki hata ukivuta kifyatulio, au triga kama wengi wanavyoiita. Kikisukumwa upande wa pili, risasi iko tayari kutoka.

Kijiti hicho, sefti, kimewagawa Wamarekani wanaobeba bastola kwa ajili ya kujilinda. Kuna wanaosema hawawezi kutembea na bastola isiyo nayo. Kuna wanaosema ndiyo itakayowaua, kwa sababu siku ya kuvamiwa wanaweza kusahau kuitoa.

Na huu si ubishi wa watu wachache. Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake ili kujilinda. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayamtaki mtu mzima awe na kibali cha kuibeba. Ni tofauti kabisa na Kenya au Tanzania, ambako huwezi kumiliki bastola bila leseni.

Kwa hiyo mtu wa kawaida tu anaingia dukani na kutakiwa achague: yenye sefti au isiyo nayo? Bastola ndogo kama Smith & Wesson M&P Shield na SIG Sauer P365 zinauzwa kwa aina zote mbili.

Ubishi ulianzia wapi?

Kwa miaka mingi bastola ya jeshi la Marekani ilikuwa M1911, iliyobuniwa na John Browning na kupitishwa na jeshi mwaka 1911. Raia wanaoibeba kwa kujilinda huiweka ikiwa imekokiwa kabisa: risasi ndani ya chemba, nyundo imevutwa nyuma, sefti imefungwa. Triga yake ni nyepesi na inasogea kidogo tu. Ukiibeba hivyo, sefti si jambo la kujadili.

Mambo yalibadilika mwaka 1982, jeshi la Austria lilipochagua Glock 17 ya mhandisi Gaston Glock. Hii haikuwa na kijiti cha pembeni. Badala yake ina vizuizi vitatu vinavyofanya kazi vyenyewe. Kuna ulimi mdogo katikati ya triga ambao lazima ubonyezwe. Kuna kizuizi kinachoshikilia pini inayogonga risasi. Na kuna kingine kinachozuia bastola isifyatuke ikidondoka. Ukivuta triga, vyote vitatu vinafunguka. Ukiiachia, vinajifunga tena.

Polisi wengi wa Marekani waliipokea vizuri. Walikuwa wamezoea rivolva, ambayo nayo kwa kawaida haina sefti ya pembeni.

Hata serikali yenyewe haina jibu moja. Mwaka 2016, FBI ilichagua bastola za Glock zisizo na sefti. Mwaka uliofuata, jeshi la nchi kavu likachagua SIG Sauer M17, na sefti ya nje ilikuwa sharti la zabuni. Glock nao walilazimika kuweka sefti kwenye bastola waliyoshindana nayo.

Wasioitaka wanasemaje?

Hoja yao ni hofu. Mtu akivamiwa, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, vidole vinakuwa vizito. Kazi ndogo kama kusukuma kijiti kwa kidole gumba inaweza kumshinda, hasa kama mkono mwingine umemshika mtoto au unamsukuma mvamizi.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalijui: sefti hazifanani. Kwenye M1911, unasukuma kijiti chini ili bastola iwe tayari. Kwenye Beretta 92, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985, chini ndiko kufunga na juu ndiko kufungua. Mtu mwenye bastola zote mbili anaweza kuchanganya, na siku ya tukio hakuna muda wa kukumbuka ameshika ipi.

Wanaoitaka je?

Wao wanaangalia siku zile nyingine zote. Mtu anaweza kubeba bastola miaka 20 bila kuvamiwa hata mara moja. Lakini kila siku anaivaa, anaivua, anaingia nayo chooni, anakaa nayo kwenye gari.

Hapo ndipo vile vizuizi vitatu vya Glock vinapoonesha mpaka wake. Vinafunguka triga ikivutwa, bila kujali nini kimeivuta. Inaweza kuwa kidole. Inaweza kuwa pindo la shati au kamba ya jaketi iliyonasa wakati bastola inarudishwa kwenye mfuko wake wa kiunoni. Ajali za mtu kujipiga risasi mguuni namna hiyo zimezaa hata jina la utani: "mguu wa Glock".

Pia, mvamizi akikunyang'anya bastola yenye sefti iliyofungwa, huenda akapoteza sekunde mbili tatu akijiuliza kwa nini haifyatuki. Sekunde hizo zinaweza kukutosha kukimbia.

Je, hakuna njia ya kati?

Zipo. Idara ya Polisi ya New York kwa miaka mingi iliwataka askari wake watumie triga nzito, ya takriban kilo 5.4, wakati triga ya kawaida ya Glock ni kama kilo 2.5. Triga nzito si rahisi kuivuta kwa bahati mbaya, ila inafanya iwe vigumu zaidi kulenga.

Nyingine ni sefti ya kwenye mpini, kama ya Springfield XD. Inajitoa yenyewe ukishika bastola vizuri, na M1911 inayo pia pamoja na ile ya pembeni. Wengine hubeba bastola bila risasi kwenye chemba, mtindo unaohusishwa na Israel. Ni salama zaidi, lakini lazima ukoki kwanza ndipo upige, na mara nyingi kazi hiyo inahitaji mikono miwili.

Ukitazama njia zote hizi, hakuna inayoondoa hatari. Zinaihamisha tu. Mwenye sefti anapunguza ajali za kila siku na kukubali kwamba anaweza kuchelewa akivamiwa. Asiye nayo anafanya kinyume chake.

Pande zote zinakubaliana nini?

Kwanza, kidole kikae nje ya triga mpaka uamuzi wa kupiga ufanyike. Pili, mfuko wa bastola uwe mgumu na uifunike triga yote. Tatu, anayechagua sefti aifanyie mazoezi mpaka kidole gumba kiitoe bila kufikiri.

La nne linahusu watoto. Desemba 2014, katika duka moja mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alifikia bastola iliyokuwa kwenye mkoba wa mama yake. Ilifyatuka, mama akafa palepale dukani.

Ukisikia habari kama hiyo, ni rahisi kusema sefti ingetosha. Lakini sefti ni kijiti tu, na mtoto anayechezea kitu hukisukuma huku na huku. Kwenye mkoba ulioachwa karibu na mtoto, bastola haiko salama, iwe na sefti au isiwe nayo. Inatakiwa ikae mwilini mwa mwenyewe, na akiivua, iingie kwenye kisanduku cha kufuli.