Fundo la Peptidi na Utando wa Seli: Mfano wa Ebola ya Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3470 walikuwa wameugua na 2287 kati yao wamefariki. Beni, Butembo na Katwa ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wagonjwa wengi walipoteza maji na chumvi kwa kuhara na kutapika. Makala haya yanaeleza peptidi moja ya kirusi hicho ambayo huenda inachangia upotevu huo.

Seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili. Ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama za sodiamu, potasiamu na kloridi, haziwezi kuupenya zenyewe. Hupita katika milango ya protini, ambayo hufunguka na kufungika kwa utaratibu.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Ebola hutoa kwa wingi peptidi iitwayo delta, yenye amino asidi 40 hivi, ambayo hukatwa kutoka katika protini kubwa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba peptidi hiyo hutoboa utando wa seli za binadamu na wanyama, hata utando wa mafuta uliotengenezwa maabarani. Uwezo huo wote hutegemea umbo. Shanga mbili, zote sisteini, huungana kwa salfa zao na kuukunja uzi kama kitanzi. Fundo hilo likifunguliwa, shanga hubaki zilezile kwa mfuatano uleule, lakini utando hautobolewi tena.

Hapa Kiswahili kinadai uangalifu wa istilahi. Mlango una bawabu, tundu halina. Delta haifungui milango ya seli, bali hutoboa tundu jipya, ioni zikavuja na maji yakazifuata. Mwaka 2022 ilibainika kwamba huleta kuhara katika panya; kwa binadamu bado haijathibitishwa.

Dawa mbili za kingamwili zilizofaulu katika majaribio yaliyoanza Novemba 2018, Beni na Butembo zikiwamo, hulenga protini iliyo juu ya kirusi, si delta. Ndiyo maana kumrudishia mgonjwa maji na chumvi kungali nguzo ya tiba.