Nyama za Puani kwa Watoto

Kila mzazi yampasa amtazame mwanawe alalapo. Mtoto mwenye afya hulala kinywa kimefumbwa, na pumzi zake hupita puani kwa utulivu. Lakini ikiwa kila usiku hulala kinywa wazi, hukoroma, na mara pumzi humkatika kisha zikarudi kwa kishindo, huenda njia ya pua imezibwa na kile ambacho watu wetu hukiita nyama za puani.

Nyama hizo si uchafu wala si uchawi. Kila mtoto anazo, nyuma ya pua, juu ya kaakaa, na kazi yake ni kuusaidia mwili kupigana na vijidudu. Hukua utotoni, kisha husinyaa mtoto akaribiapo kubaleghe. Kwa baadhi ya watoto huvimba mno hata zikaziba njia ya pumzi, na pamoja nayo mfereji mwembamba utokao sikioni hadi kooni. Hapo majimaji hukusanyika ndani ya sikio, na mtoto husikia kwa shida. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alilieleza jambo hili mwaka 1868.

Twalitaja kwa kuwa mtoto wa namna hiyo, akiwa chuoni au skuli, huitwa mvivu na mkaidi, akapigwa, hali yeye hakulisikia somo.

Wako pia wazazi wampelekao mtoto kwa wakata vimeo. Twawaonya sana. Kimeo siyo kizibacho pua, na kukikata hakuifungui. Bali kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda, na hata mauti.

Njia iliyo sawa ni hospitali. Daktari wa masikio, pua na koo huweza kuanza kwa dawa ya kupulizia puani na kungoja. Ikibidi kupasua, mtoto hutiwa nusukaputi, na nyama huondolewa kwa kupitia kinywani. Uso hauguswi kwa kisu. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja, na watoto wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Hatari haikosi kabisa: akitokwa na damu baadaye, arudishwe hospitali upesi.

Basi twawasihi wazazi na walimu: mtoto asiyeitika aitwapo, kwanza apimwe masikio na pua yake, kabla hajahukumiwa tabia yake.