Asili ya Neno Gereza na Habari za Ngome ya Mvita

Mtoto wa Temeke akisikia neno gereza hufikiri Keko, mahali pafungwapo wahalifu. Mwalimu akimwambia kwamba neno hilo asili yake ni kanisa, atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Nasi tukitaka kuujua mgeuko huu, hatuna budi kuzitazama ngome za pwani yetu.

Wareno huita kanisa igreja. Katika mwaka wa 1593 walianza kujenga ngome kubwa juu ya mwamba wa matumbawe huko Mvita, kwenye mlango wa bandari ya kale, kwa amri ya mfalme wao Philip. Mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Wakaiita Ngome ya Yesu. Ndani ya kuta zake walijenga nyumba za askari, maghala, na kanisa. Basi ngome na kanisa vikawa mahali pamoja. Na mtu wa nje, asikiaye kengele ikilia nyuma ya mizinga, angewezaje kuvitenga?

Na matendo yaliyofanyika humo hayakusaidia kuvitenga. Yusuf bin Hasan, mwana wa Sultani wa Mvita aliyeuawa kwa hila za Wareno, alipelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Alirudi akatawazwa mwaka wa 1626. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapiteni kwa mkono wake, akarudia Uislamu. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, Wareno na Waafrika pia. Mwaka uliofuata aliihama ngome, na Wareno wakairudia. Sisi tufundishao imani twawakumbuka wafia dini hao kwa heshima. Lakini tusisahau kisa cha baba yake, maana mbegu ya chuki ilipandwa na watu waliojiita Wakristo.

Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome. Mazingiwa yale yalidumu miezi thelathini na mitatu, na maradhi yaliwaua wengi waliokuwa ndani, hata mwezi wa Desemba 1698 ikatwaliwa. Huko Unguja nako Waarabu walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, ile iitwayo leo Ngome Kongwe. Na huko Kilwa Kisiwani ngome itazamayo bandari yaitwa Gereza hata leo.

Hapo ndipo njia ya neno hili inapoonekana. Kwanza lilikuwa kanisa; kisha likawa jengo lote lenye kanisa ndani yake, yaani ngome; na kwa kuwa ngome zilitumiwa kufungia watu, mwisho likawa kifungo. Ngome Kongwe ilikuwa kifungo katika karne ya 19. Na ile ya Mvita Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Mwaka wa 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO waliiandika miongoni mwa urithi wa dunia.

Neno ngome halikuanguka hivyo, wala boma, ambalo hapo kwanza ni ua au kizuizi cha kuzunguka mji au mifugo. Yote mawili yamo katika Zaburi ya 18, yakitaja ulinzi wa Mungu. Ni lile neno la kanisa peke yake lililoishia kwenye minyororo.

Tena, wasomaji wetu na wafungue Matendo ya Mitume, sura ya 12, aya ya 5. Hapo gereza na kanisa yamesimama katika aya moja: Petro yumo katika lile, na hili linamwombea. Mwalimu akiifundisha aya hiyo Temeke au Kinondoni, na awaeleze wanafunzi kwamba maneno hayo mawili yalikuwa na maana moja zamani, na jinsi yalivyotengana. Kanisa likishikana mno na mizinga, watu hulipa jina la kile wanachokiona.