Vikwazo Vilivyopofuka
Mpondwe, jirani na Bwera wilayani Kasese, mto Lhubiriha ndio mpaka wa Uganda na Congo. Darajani kuna askari, maofisa wa forodha na malori yanayosubiri mihuri ya kwenda Kasindi. Kando kidogo, maji yakipungua, mtu hukunja suruali akavuka na gunia kichwani. Magendo ya huku ni ya tangu enzi, na mtu wa Kasese hafundishwi kwamba lango hulindwa na macho. Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ikiua watu Beni na Butembo, upande wa Congo, mpaka haukufungwa. Wajitoleaji walisimama kuwaangalia wapitaji hadi kwenye njia za panya, na Juni wagonjwa walipopatikana Kasese, serikali mbili zilielewana jamaa zao wakatibiwe Congo. Ugonjwa haukusambaa Uganda.

Vikwazo vya nyuklia dhidi ya Korea Kaskazini navyo viliishi kwa macho. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliviweka mwaka 2006, baada ya jaribio la kwanza la bomu. Baada ya la pili, mwaka 2009, likaunda jopo la wataalamu wa kufuatilia nani anavikiuka. Uganda ilikuwa na kiti barazani mwaka ule, ikaunga mkono. Nyumbani, wakufunzi kutoka Pyongyang waliendelea kuwanoa polisi wetu, na jopo lilelile likayaandika hayo kwenye ripoti zake.

Mei 2016, Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipokuja Kampala, uhusiano huo wa kijeshi ukatangazwa kuvunjwa. Msemaji mmoja wa serikali akakana. Waziri wa Mambo ya Nje, Sam Kutesa, akathibitisha. Sidhani kama Kampala ilitishwa na bomu. Ilichoka kutajwa kila ripoti ikitoka, na mgeni wa kumridhisha alikuwa sebuleni.

Kutajwa huko ndiko kulikokufa. Machi 28, 2024, wajumbe 13 walitaka jopo liongezewe muda, China ikajizuia, Urusi ikapiga kura ya turufu. Aprili 30 jopo likafunga kazi. Kabla ya mwaka kwisha, askari wa Korea Kaskazini walikuwa vitani upande wa Urusi. Nchi 11, Marekani, Japani na Korea Kusini zikiwamo, ziliunda timu yao ya ufuatiliaji Oktoba 2024. Hakuna hata moja ya Afrika. Ripoti yake ni rahisi kuiita ya mahasimu ukaitupa.

Kwa Iran mambo yamepinda vilevile. Vikwazo ambavyo Uganda ilivipigia kura ya ndiyo Juni 2010, wiki chache tu baada ya kumkaribisha Rais Ahmadinejad wa nchi hiyo, vilirudishwa Septemba 2025. Urusi na China zikasema hazivitambui.

Maazimio ya Korea Kaskazini bado yapo, neno kwa neno. Ila wakufunzi wale wakirudi Kampala kesho, jopo lililokuwa likiandika barua ya kuuliza halipo.