Ampli ya lampe haiuzwi kwa kilo

Sisi wa sendika tumezoea kuitwa kwa mambo ya mshahara. Safari hii kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Kolwezi aliniletea ampli ya gitaa ya marehemu baba yake, mchimbaji. Alitaka kuiuza mitraille, apate minerval ya mdogo wake. «Papa, ndani muko shaba, transfo mbili!»

Ni kweli. Lakini nilimwambia: leta gitaa kwanza.

Ampli ya lampe haina haraka. Unangoja mpaka zile chupa za kioo zipate moto. Sasa, munaofanya kazi kwenye usine munajua: mashine kubwa ya kusaga mawe ikianza, taa zinafifia kidogo, kisha zinarudi. Ampli nyingi za zamani zinafanya vile vile. Ukichapa kamba kwa nguvu, lampe zinavuta umeme mwingi kwa ghafula, volti zinashuka, na lile pigo la kwanza linalainika. Halafu volti zinarudi, noti inanenepa wakati kamba yenyewe inaanza kuchoka. Njo pale sauti inachanua. Ampli nyingi za transista hazififii hivyo. Noti inatoka kavu, kichwa mbele.

Na ukizidisha sauti? Transista inakata mawimbi ghafula, sikio linachomwa. Lampe inayakunja pole pole kabla ya kuyakata, kwa hiyo ukali unakuja na utamu wake. Ukipunguza nguvu ya vidole, sauti inasafika tena.

Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, aliporekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, alipiga gitaa kavu, bila kitu chochote cha namna hii. Lakini Docteur Nico, akiwa Brussels na African Jazz mwaka 1960, alikuwa na gitaa ya umeme, na siku zile ampli karibu zote zilikuwa za lampe.

Wazazi, mushike hili: ndani volti zinaweza kupita 300, na kondensateri zinalinda umeme hata prise ikitolewa. Mtoto asifungue kutafuta shaba. Inaua. Fundi mwenyewe anatoa ule umeme kwanza, anapima, ndipo anagusa.

Kijana alipiga. Mama yake alitoka jikoni, akasimama mlangoni bila kusema kitu.

Minerval haijatimia bado. Lakini kundi moja la muziki wa ndoa limekwisha kuuliza bei ya kuikodi jumamosi.