Raia wa Mataifa Washirika Wanapojadiliana kwa Intaneti

Serikali mbili zaweza kutia sahihi mkataba wa ushirikiano kwa siku moja, na raia wao wakaishi miaka mingi bila kuelewana. Mkataba huunganisha ofisi, majeshi na forodha. Lakini peke yake hauwezi kumjulisha mkulima wa nchi moja kwa nini mwenzake wa nchi ya pili anaipinga sheria ambayo yeye anaitaka. Pengo hilo likiachwa kupanuka, ushirika wenyewe hutikisika, maana viongozi huchaguliwa na raia haohao. Je, intaneti yaweza kulipunguza? Hebu tulichunguze jaribio moja kubwa, lililofanywa na Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27 na lugha rasmi 24.

Ukumbi ulio wazi kwa wote

Tarehe 19 Aprili 2021 Umoja huo ulifungua katika intaneti ukumbi wa majadiliano, ukiwa sehemu ya Mkutano juu ya Mustakabali wa Ulaya. Mtu aliweza kuandika wazo lake kwa lugha yake, na kompyuta ikawafasiria wasomaji wa lugha nyingine. Mkutano ulipofungwa mjini Strasbourg tarehe 9 Mei 2022, wageni karibu milioni 5 walikuwa wameutembelea ukumbi huo, watu zaidi ya 50,000 walikuwa wameshiriki kwa vitendo, na mawazo zaidi ya 17,000 yalikuwa yamejadiliwa.

Msomaji na azipime tarakimu hizo. Ukigawanya 50,000 kwa 5,000,000 utapata 1 kwa 100. Yaani, katika kila wageni mia, takriban mmoja tu ndiye aliyesema; wengine walipita. Tena aliyesema alijichagua mwenyewe: ana nafasi, ana chombo, na jambo lenyewe linamwasha moyoni. Kwa hiyo ukumbi ulio wazi hutuonyesha mawazo yaliyopo, lakini hautuambii ni watu wangapi wanaoyashika.

Kwa nini watu walichaguliwa kwa nasibu

Kwa sababu hiyo ziliundwa pia baraza 4 za raia, kila moja ikiwa na watu 200 waliochaguliwa kwa nasibu kutoka nchi zote. Theluthi yao walikuwa vijana wa miaka 16 hadi 25. Kanuni ya kisayansi hapa ni ileile ya mpishi: haonji sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea, hukoroga kwanza, kisha huonja kijiko kimoja. Uchaguzi wa nasibu ndio ukorogaji wenyewe. Bila huo, kijiko huchota kile kilichoelea juu tu.

Baraza hizo zilikutana mara tatu. Kikao cha pili, mwezi Novemba 2021, kilifanywa kwa intaneti, kila mjumbe akiwa kwake na wakalimani wakimsikilizisha maneno ya wenzake.

Kazi ngumu ya lugha

Kila lugha moja kati ya 24 ina lugha 23 za kufasiriwa kwazo. Basi njia zote za tafsiri ni 24 × 23, yaani 552. Si rahisi kumpata mkalimani wa kila njia. Hivyo mara nyingi hutumika lugha ya kati: maneno hufasiriwa kwanza kwa lugha inayojulikana na wengi, kisha kutoka hiyo kwenda nyingine.

Hata hivyo, kufasiri neno si kufasiri maana. Mwaka 1991, mkataba wa Maastricht ulipokuwa ukijadiliwa, Uingereza ililikataa neno “shirikisho”, nalo likaondolewa. Kwa Wajerumani neno hilo lilimaanisha kugawa madaraka baina ya serikali kuu na majimbo. Kwa Waingereza wengi lilimaanisha kuyarundika madaraka Brussels. Kosa la namna hii kompyuta haiwezi kulitambua, kwa sababu tafsiri yenyewe ni sahihi. Hugunduliwa pale tu mtu anapomwuliza mwenzake, “Wewe unaposema hivyo, wakusudia nini?”

Masharti ya kuelewana

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi mawili hupunguza chuki hasa yanapotimia masharti manne: wanaokutana wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mamlaka iunge mkono. Mwaka 2006 wataalamu Pettigrew na Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515, wakaona kwamba kwa kawaida kukutana hupunguza chuki, na hupunguza zaidi masharti hayo yanapokuwapo.

Sasa twaweza kuona tofauti. Palipo na matusi na kelele hapana lengo moja wala ushirikiano; hapo intaneti huweza kuongeza uhasama badala ya kuupunguza. Bali kikundi kidogo chenye mwenyekiti, muda sawa kwa kila msemaji, na pendekezo la kuandika pamoja, hutimiza masharti karibu yote.

Sharti la nne ndilo gumu zaidi. Mkutano ule ulitoa mapendekezo 49, na mengine hayawezekani bila kubadili mikataba ya Umoja, jambo linalohitaji kibali cha nchi zote. Raia akiulizwa kisha asijibiwe, safari ijayo hatakuja. Kumjibu si lazima kumkubalia. Ni kumweleza kwa nini wazo lake limepokewa au limekataliwa.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuipima kanuni hii. Chagueni jambo moja la shule lenye ubishi. Kwanza waacheni wanaopenda wazungumze, mhesabu maoni. Kisha andikeni majina yote katika vikaratasi, mchanganye, mtoe kumi, na hao kumi wajadiliane kwa zamu sawa. Linganisheni matokeo ya njia hizo mbili. Mwishowe kila mwanafunzi aeleze hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani mwenyewe akiri, “Ndivyo nilivyokusudia.” Atakayeweza hilo ameelewa, hata kama hakukubali.