Kurunzi Isiyowaka Usiku wa Karafuu



Msimu wa kuchuma waja, na majamvi yatajaa uani. Kila mmoja wetu ajua adha ya mvua ya usiku: karafuu iliyoanikwa siku mbili, ikirowa kabla hatujawahi kuikusanya, hugeuka mpeta. Msimu uliopita sisi wenyewe tuliamka kwa ngurumo, tukashika kurunzi, tukabonyeza: giza. Tukapapasa majamvi kwa mikono, na karafuu nyingi ikarowa. Kulipokucha tukaona kwamba mawe yalikuwa mazima. Ubaya ulikuwa kutu tu.

Basi ikizima, usikimbilie dukani. Umeme wa kurunzi hutembea kwa mviringo: hutoka kichwani mwa jiwe, hupita kwenye taa, hurudi kwa mwili wa chuma mpaka springi ya nyuma, kisha kitakoni mwa jiwe. Njia ikikatika mahali pamoja, haiwaki. Na hapa Mafia hewa ya chumvi huanza na springi na vibati vya shaba.

Fungua kifuniko cha nyuma, washa swichi, kisha chukua kipande cha waya, ncha moja kitakoni mwa jiwe, ya pili kwenye ukingo wa chuma uliong'aa. Ikiwaka, mawe na taa ni vizima, na ubaya umo kifunikoni. Kwaruza kutu kwa msasa. Ukiona unga mweupe, futa kwa maji ya ndimu, kisha kwa kitambaa chenye maji matamu, uache ikauke kabisa. Maji ya bahari hapana.

Isipowaka, tazama mawe yamekaaje. Taa ya zamani yenye uzi haijali umeme umetoka upande gani, lakini hizi za siku hizi za LED, mawe yakigeuzwa, hazitoi hata cheche. Tumeona kurunzi nzima ikitupwa kwa sababu hiyo.

Na mawe yenyewe? Asili yake ni kazi ya Georges Leclanché, Mfaransa, mwaka 1866. Katika jiwe la kawaida, kopo la zinki ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Likitoboka, maji yake huvuja na kuila kurunzi. Ndiyo maana twasema msichanganye jiwe jipya na kuukuu, kwani lile kuukuu huchoka kwanza na kuvuja. Kuyaanika juani, kama tulivyozoea, huamsha nguvu kidogo iliyobaki, haiongezi mpya, na joto huharakisha kuvuja. Motoni msiyatie kamwe, huweza kupasuka.

Msimu ukiisha, toeni mawe, kurunzi iwekwe mahali pakavu. Yetu sasa twaijaribu kila jioni kabla ya kulala, majamvi yakiwa nje.

Katibu